Elfi mweusi mwenye nywele za kusuka: anzia kwenye jamii

Mdogo wangu wa Wete, umesema unataka kuanza mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft na elfi, yule kiumbe wa hadithi mwenye masikio marefu, awe mwenye ngozi nyeusi na nywele za kusuka, ila unaogopa ukikosea mwanzo ndiyo basi tena. Usiogope. Kigumu ni jamii ya mhusika, yaani yeye ni kiumbe wa aina gani: kuibadilisha unalipa pesa halisi, na si kidogo kwa sisi huku. Ngozi, uso na nywele unakwenda kwa kinyozi ndani ya mchezo, unalipa dhahabu ya humo humo. Toleo la mchezo huo liitwalo Shadowlands, la mwaka 2020, ndilo lililompanulia kinyozi uwezo wake na kuongeza rangi za ngozi.

Kwa hiyo tulia kwenye jamii. Elfi wa usiku (Night Elf) rangi zake zinaegemea zambarau na buluu. Weusi wetu, utafute kwa elfi wa damu (Blood Elf); wako upande wa Horde, mmoja wa pande mbili zinazopigana mchezoni, basi waulize wenzako kwanza wanacheza upande gani.

Rangi usiiamini pale unapomuumba. Wangu nilimpa rangi ya karafuu iliyokauka, kahawia yenye wekundu kwa mbali. Alipotoka juani nikamwona amepauka kama vumbi. Nikamtembeza mchana, usiku, hata pangoni, ndipo nikarudi kwa kinyozi kumkoleza.

Na huo msuko, mgeuze umtazame kisogoni kabla hujathibitisha. Ukicheza, kisogo chake ndicho utakachokiona saa zote. Uso utauona mara moja moja.