Jibu la msomaji: Kazi ya klabu isiyoonekana kwenye picha

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Klabu za huduma za mitaani hufanya nini hasa, mbali na kuvaa fulana, kupiga picha na kunywa chai?" Swali lina ukali wake, na hapa Mombasa lina haki ya kuulizwa. Fulana zipo nyingi. Lakini siku ya picha ndiyo siku nyepesi kuliko zote. Anayetaka kuijua klabu aangalie ilichofanya wiki tatu kabla ya siku hiyo na miezi mitatu baada yake. Na chai pia asiidharau, nitaifikia.

Nianze na kambi ya kuchangia damu, kwa kuwa karibu kila klabu huifanya na nyingi huikosea kalenda. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6 hudumu siku 35 hivi. Chembe za kugandisha damu, ambazo huhitajika sana kwa wagonjwa wa saratani, hudumu siku 5 tu. Klabu ikikusanya painti 200 kwa siku moja ya mwaka kisha ikanyamaza, imesaidia mwezi mmoja, miezi 11 iliyobaki hospitali zinarudi kuwaomba jamaa wa mgonjwa. Afadhali kambi nne za watu 50, moja kila robo mwaka. Mpango huo unakwenda sambamba na mwili wa mchangiaji: mwanamume huruhusiwa kurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya 4, kwa hivyo yeye huruka kambi moja.

Sifa za mchangiaji zitangazwe mapema, msikitini, kanisani na kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa: umri wa miaka 16 hadi 65, uzani usiopungua kilo 50, awe mzima siku hiyo, si mjamzito wala hanyonyeshi. Asipojua, atapanga foleni saa nzima ndipo ageuzwe kwenye mizani, na mtu aliyegeuzwa mbele za watu ni vigumu kumwona tena.

Kisha kuna hesabu ya vitanda. Damu yenyewe, mililita 450, hutoka kwa dakika 5 hadi 10. Ukiongeza kulala, kusafishwa mkono, kubana pamba na kuinuka, kitanda kimoja huhudumia watu watatu kwa saa. Vitanda vinne kwa saa tano ni watu 60. Kuwaalika 300 ni kuwasimamisha 240 juani bure. Na foleni yenyewe mara nyingi haikwami vitandani, hukwama kwenye meza ya fomu. Hapo ndipo wanachama wana kazi: watatu au wanne wa kuandika majina na umri, na mmoja wa kuelekeza watu kwenye mizani, kipimo cha presha na kidole cha kupima wingi wa damu. Wakomee hapo. Maswali ya faragha ni ya mhudumu wa afya peke yake, pembeni, pasipo masikio mengine. Jirani hawezi kumuuliza jirani mambo ya chumbani akajibiwa ukweli, na jibu la uongo kwenye fomu ile ni hatari kwa mgonjwa, japo damu yote hupimwa Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende.

Kuzimia kupo, hasa kwa vijana wanaotoa mara ya kwanza, na mara nyingi hutokea mtu anapoinuka, wala si sindano inapoingia. Dawa yake ni maji ya nusu lita kabla ya kulala kitandani, awe amekula, na dakika 15 za kukaa kivulini baadaye na juisi na biskuti. Joto la Machi na Aprili huzidisha tatizo, kwa hivyo hema la turubai lililozibwa pande zote halifai. Tafuteni ukumbi wenye madirisha pande mbili au baraza pana la madrasa. Akilegea, mlazeni chali miguu juu, msimwinue kwa haraka na msimzunguke kumpepea watu kumi. Hamali na wasukuma mkokoteni waambiwe waje wakishamaliza zamu, maana akitoka kitandani akaenda kubeba gunia, mkono utavuja na pengine ataanguka nalo. Mwezi wa Ramadhani kambi ihamie usiku, baada ya tarawehe. Kuifanya mchana ni kumuita aliyefunga aje akatae.

Muiteni mapema mtu wa kituo cha damu cha kanda, wiki tatu au nne kabla. Mifuko, majokofu na wauguzi ni wao, gari ni lao, na gari hilo lazima liondoke kwa wakati: damu ya kutengwa chembe za kugandisha inatakiwa ifike kituoni siku ileile, ndani ya saa 6 hadi 8 hivi. Mgeni rasmi akichelewa kwa saa mbili, kambi ianze bila yeye.

Kazi ya pili ya kueleza kwa kirefu ni mikoko, kwa kuwa ndiyo inayopigwa picha zaidi na kufa zaidi. Upandaji hauanzi na miche, huanza na ruhusa. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo mtu wa kwanza kumwona ni ofisa wa Huduma ya Misitu, KFS, na wa pili ni kikundi cha jamii kinachotunza hori hilo, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, liwe la Tudor au la Port Reitz. Wao wanajua palipopandwa mara tatu na kufa mara tatu.

Halafu maji. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama ni bamvua, na kwa Mombasa maji ya bamvua hupwa chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo Jumamosi ya kuchagua. Mkiichagua siku kwa kufuata nafasi ya mgeni rasmi, mtaangukia maji mafu, ambayo hayapwi sana, na mtapanda mkiwa ndani ya maji ya magoti. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ingieni saa mbili kabla ya kupwa kabisa, mtoke saa moja baadaye. Wavuvi wa pale hawahitaji jedwali kuwaambia haya, waulizeni.

Kosa linaloua miche mingi ni kupanda mti usio wa mahali pale. Mikoko ina aina nyingi. Mlilana ndio hukaa mbele kabisa baharini. Mkoko wenyewe, hapa likiwa jina la aina moja tu, hupenda matope laini ya katikati na kandokando ya mikondo. Mkandaa hukaa juu zaidi, panapofikiwa na maji kwa muda mfupi. Mchu hustahimili chumvi na huonekana mbele na nyuma. Klabu nyingi hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni rahisi: ndefu, yenye umbo la sigara kubwa, unaichomeka tu. Ichomekwe wima, ncha chini, theluthi moja ndani ya matope, na iwe imekomaa, yaani shingo yake imeanza pete ya manjano. Mbegu ya kijani iliyovunwa kwa nguvu mtini huoza. Kuziweka kivulini siku kadhaa kabla ya kupanda husaidia pia, kwa kuwa kaa huzipenda zikiwa mbichi. Nafasi ni mita 1 kwa mita 1, kwa hivyo kipande cha mita 20 kwa 25 kinataka miche 500. Watu 25 hukimaliza kwa saa moja hivi wakipangiwa mistari kwa kamba yenye mafundo kila mita. Wasipopewa kamba, watarundika miche yote karibu na mahali wapiga picha waliposimama. Miche ya kitaluni huja na mifuko ya plastiki: ihesabiwe ikiingia na ihesabiwe ikitoka, maana mfuko uliobaki kwenye mizizi huinyonga.

Sasa ile miezi mitatu baadaye. Wanachama wanne warudi maji yakiwa yamepwa, wahesabu iliyo hai, waondoe plastiki na nyavu zilizojizungusha kwenye shina, na wajaze mapengo. Warudi tena baada ya miezi sita na baada ya mwaka. Ikiwa nusu imekufa mahali pamoja, msijaze, tafuteni sababu: pengine maji hukaa hapo muda mrefu mno, au mchanga unaoteremka na mvua umefunika mizizi. Hori la Mwache lilipoteza mikoko mingi kwa tope la mvua za El Niño za 1997 na 1998, na hakuna bidii ya kupanda inayoshinda tope kama hilo.

Usafi wa pwani sina mengi nao. Tafuteni gari la taka kabla ya kutafuta watu, kwa kuwa magunia yakiachwa ufuoni usiku, maji yakijaa huyarudisha baharini. Tumieni magunia ya kurudiwa, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Tufike kwenye chai, ambayo swali lenu liliitaja kwa kejeli. Haya yote niliyoeleza hupangwa kwenye kikao, na kikao kisicho na mahamri na mbaazi, au angalau kahawa tungu na kaimati, hakina watu. Wanachama wa kwanza wa Rotary, mtandao wa klabu za huduma wa kimataifa, Chicago mwaka 1905, walikutana kwa zamu maofisini mwao kabla hawajawa na mradi wowote. Watu wakijuana ndipo mmoja huweza kumpigia mwenzake saa kumi na moja alfajiri kumwambia gari la miche limekwama Changamwe. Kikao kizuri ni cha saa moja: dakika 15 za kula na salamu, 10 za taarifa za miradi na fedha, 25 za mgeni mwenye jambo la kufundisha, 10 za kugawa kazi kwa majina. Kazi iliyogawiwa "kamati" haina mwenyewe. Hapa kwetu baada ya isha ndiyo saa inayowafaa wengi, na kiishe mapema, kuna wanaorudi Mtwapa na Likoni. Kila wiki ni nyingi kwa klabu ya mtaa. Hata Rotary, tangu 2016, huziruhusu klabu zake kukutana mara mbili tu kwa mwezi. Faini za utani, shilingi 50 kwa simu iliyolia, ni nzuri mradi rais wa klabu naye atozwe.

Fedha ndizo huvunja udugu. Wekeni mifuko mitatu isiyochanganyika: wa huduma, wa kuendesha klabu, na wa kufaana kwa matanga na harusi. Lions, mtandao mwingine wa klabu za huduma, wana kanuni inayofaa kuigwa hata na kikundi kisicho chao: pesa iliyochangwa na umma haigusi gharama za klabu, hata chai. Mwanachama akifiwa, huruma husukuma mkono kwenye mfuko wa huduma, na mweka hazina mpole ndiye hukubali. Pesa zote ziingie kwa namba moja ya M-Pesa ya kikundi kilichosajiliwa, si simu ya mtu. Sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, idadi ambayo mtaa wowote unaipata.

Liko moja ambalo klabu zenyewe hazipendi kuambiwa. Rotary na Lions huanza mwaka wao tarehe 1 Julai na viongozi hubadilika, na klabu nyingi za mtaani zimeiga. Rais mpya huja na mradi wake, na mikoko iliyopandwa Mei haina wa kuihesabu Agosti. Msimamizi wa mradi asibadilike na rais. Apewe miaka mitatu, na daftari lake la hesabu ya miche, tarehe za kambi za damu na simu za watu wa kituo lisomwe kwenye kikao cha kwanza cha Julai, kabla ya hotuba ya rais mpya.

Msomaji, Mombasa