Swali la Lugha: "Kemia ya juu" au "kemia ya uso"?

SWALI: Habari Mwalimu. Nafundisha kemia katika shule ya upili hapa Kondele, Kisumu. Wanafunzi wangu wanaandaa bango la kongamano la sayansi kuhusu usalama wa chembe nano mwilini. Mmoja ameandika "kemia ya juu ya chembe nano", mwenzake anashikilia "kemia ya uso". Tena wanabishana: chembe "ni sumu" au "ina sumu"? Tusaidie.

JIBU: Andikeni uso. Ukisema "kemia ya juu", anayepita mbele ya bango atadhani mnajigamba kuwa mmefika kemia ya chuo kikuu. Na huku kwetu "juu" imeshapewa kazi nyingine: "wamegombana juu ya pesa", "sikuja juu kulinyesha". Neno lenye shughuli zote hizo halifai kuwa istilahi. Uso upo katika ngeli ya U-ZI, kwa hivyo uso wa chembe, nyuso za chembe. Mashua ikitoka ufuo wa Dunga ziwani wakati gugu maji limetanda, hukutana na gugu kabla ya maji. Seli nayo hukutana na uso wa chembe kabla ya kiini chake. Chembe nano huwa na ukubwa wa kama nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kadiri chembe inavyopungua ndivyo sehemu kubwa zaidi ya maada yake inavyokaa usoni.

(Msiandike "nanochembe". Kiswahili hutanguliza nomino kuu. Nanomita ni kipimo, iacheni kama kilomita.)

Kuhusu sumu, wanafunzi wako wamegusa jambo zito kuliko wanavyodhani. "Ni sumu" hulaumu kitu chenyewe. "Ina sumu" hulaumu kilichomo au kilichobebwa nacho. Chukua vijiti nano vya dhahabu, yaani chembe nano zenye umbo la kijiti. Mara nyingi hutengenezwa kwa msaada wa kemikali ya jamii ya sabuni iitwayo CTAB, ambayo hubaki imevifunika na huharibu utando wa seli. Ikiondolewa na mahali pake pakapakwa PEG, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayofunika uso, madhara hupungua sana. Dhahabu ni ileile. Hapo "vina sumu" ndiyo sahihi, maana sumu imeondoka na vijiti vimebaki. Kwa chembe zenye kiini cha kadimiamu, metali yenye sumu, mambo hugeuka: kiini ni sumu, na uso ndio unaokizuia kisivuje. Tabaka la nje likimomonyoka, kadimiamu hutoka.

Kuna hali ya tatu ambayo neno sumu haliifai kabisa. Utando wa seli kwa nje una chaji hasi, kwa hivyo chembe yenye chaji chanya nyingi huuganda na inaweza kuuchana. Hapa tumieni kitenzi, tena chenye sharti: "chembe ikiwa na chaji chanya nyingi, hudhuru seli". Hiyo -ki- msiifute, kwa sababu ndiyo inayobeba kemia yenyewe. Kwa mfano, chembe nano za chanjo za korona za Moderna na Pfizer hutumia mafuta ambayo karibu hayana chaji yakiwa katika damu, kisha hupata chaji chanya yakiingia katika vifuko vyenye asidi ndani ya seli.

Kama kuna aliyeandika "salama kabisa", futeni "kabisa". PEG huzichelewesha protini za damu kuishika chembe, na hivyo seli walinzi za ini na wengu hazikimbilii kuimeza. Lakini watu wachache wana mzio wa PEG yenyewe.

Mimi ningeandika hivi kwenye bango: "Uso wa chembe nano huchangia pakubwa kuamua iwapo chembe hiyo itaudhuru mwili." Na kwa kuwa chembe ni ya ngeli ya I-ZI, mkitaka wingi semeni "zitaudhuru", si "yataudhuru", kosa ninalokutana nalo kila muhula.