Dada, mlango wa benki usikutishe

Dada yangu wa Langoni, umesema wauza mahamri, akiba waweka koponi, na ukifika mlango wa benki miguu inakuwa mizito kwa kuwa uliishia darasa la sita. Nakuelewa sana. Mamangu alikuwa hivyo hivyo, hapa hapa Lamu.

Hesabu unaijua: kila alfajiri wapima unga, mafuta na faida. Lugha yao ndiyo ngeni kwako. Muulize karani: nikikopa 5,000, nitarudisha ngapi, lini, na makato ni yapi? Mkopo wa simu wa asilimia 7.5 kwa siku 30 unakula shilingi 375. Ukikopa hivyo kila mwezi, mwaka mzima ni 4,500! Mimi niliwahi kutia saini fomu nisiyoielewa, kwa kuona haya tu, nikakatwa pesa miezi minane. Tangu hapo husema, "Nisomee tena, polepole."

Ikiwa waogopa riba, benki za Kiislamu zipo Kenya tangu 2008. Na akiba katika benki yenye leseni ina bima hadi shilingi 500,000, kopo halina. Nenda asubuhi, foleni ikiwa fupi, pamoja na mwenzio wa chama cha akiba.