Ekstensheni moja kwenye simu tatu: mtambo hauna ubovu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ofisi yetu ya mbao hapa Mafinga imefungiwa mtambo wa simu za intaneti. Fundi ameweka ekstensheni (namba ya ndani) 101 kwenye simu tatu, ya mapokezi, ya mhasibu na ya stoo, ili mteja akipiga ziite zote. Inaita moja tu, tena umeme ukikatika na kurudi inahamia nyingine. Fundi anasema mtambo ni mdogo, tununue mkubwa. Ni kweli? (Karani, Mafinga)

JIBU: Marahaba. Si kweli, na mwambie bosi asitoe hata shilingi. Swali hili naletewa kuanzia Iringa hadi Tunduma, na karibu kila mara aliyefunga ni kishoka aliyezoea simu za waya. Kwenye waya ulikuwa unadandia jozi ile ile ya nyaya, simu mbili zinaita, mchezo umeisha. Simu za intaneti haziendi hivyo. Kila simu inajisajili kwenye mtambo kwa akaunti na nywila, na mitambo mingi imewekwa ikubali simu moja tu kwa kila akaunti. Ya mwisho kujisajili inaifuta iliyotangulia. Umeme ukirudi zote tatu zinawaka na kukimbilia 101, na itakayochelewa ndiyo itakayoita siku hiyo, mpaka nyingine ihuishe usajili wake.

Atatokea mjanja wa kuongeza kikomo cha usajili kuwa tatu. Kwenye Asterisk, programu inayoendesha mitambo mingi ya simu, kipo, kinaitwa max_contacts, na simu zote zinaweza kuita kweli. Lakini jaribu kumpigia mtu wa stoo kutoka mapokezi: unapiga 101 ukiwa 101. Huwezi kumhamishia mteja, na bili ikija hamjui nani kaongea na nani.

Dawa haihitaji kifaa kipya. Mapokezi ibaki 101, mhasibu apewe 102, stoo 103, kila moja na nywila yake. Kisha litengenezwe kundi la kuita, tuseme namba 600, lenye zote tatu, na laini ya nje ielekezwe huko. Mnaweza kuamua ziite kwa pamoja, au mapokezi ianze kwa sekunde 15 ndipo nyingine zifuate. Simu ya mhasibu ikiita na hayupo, unaidaka kutoka mezani kwako, mara nyingi kwa *8, mradi mmewekwa kundi moja la kudaka. Na mteja anayetaka kuongea na stoo usimwache akisikia kelele za mashine ya kuranda: mwegeshe kwa kumhamishia 700, mtambo utakutajia namba, mfano 701, na wa stoo ataipiga kumchukua. Namba hizi hutofautiana, zitazame kwenye mtambo wenu.

Ila kinachoniudhi zaidi ni hiyo nywila iliyonakiliwa mara tatu. Fundi wa namna hiyo huwa ameweka 1234, au 101 yenyewe, halafu anafungua mlango wa 5060, ule simu za intaneti zinaoutumia kujisajili, kwenye ruta ili bosi apokee simu akiwa Mbeya mjini. Wezi wana programu zinazopekua intaneti usiku kucha zikitafuta mlango huo. Wakiingia wanapiga namba za nje ya nchi za bei mbaya wakati ofisi imefungwa, na bili ni yenu, kwa kuwa simu zimetoka kwenye mtambo wenu. Hapo kishoka hapokei hata simu yake.

Kwa hiyo siku ya marekebisho nywila ziwe ndefu zisizobahatishika, simu za nje ya nchi zifungwe kama hamzihitaji, na bosi aingie kwa VPN, yaani njia ya siri yenye nywila inayopita ndani ya intaneti, huo mlango ufungwe. Nywila ya usimamizi mkabidhiwe nyie wenye ofisi. Akisema hiyo ni siri ya fundi, msimmalizie malipo.