Kitabu cha Zamani cha GRE: Kilivyoniangusha, Kisha Kikanivusha

Msomaji mmoja ameniuliza juma hili kama kitabu cha maandalizi ya GRE, mtihani wa lugha ya Kiingereza, hisabati na insha unaotumiwa na vyuo vikuu vingi kupokea wanafunzi wa uzamili, alichoachiwa na kaka yake, kilichochapishwa mwaka 2014, bado kinafaa, maana hana uwezo wa kununua kipya. Swali hilo limenigusa. Mimi niliingia katika chumba cha mtihani huo nikitegemea kitabu kikuukuu kuliko hicho, na matokeo niliyopata yaliniweka nje ya masomo ya uzamili kwa mwaka mzima.

Kitabu changu kilikuwa cha kabla ya Agosti 2011, yaani kabla ya ETS, shirika linaloutunga, kuubadili mtihani kwa kiasi kikubwa. Kwa miezi miwili nilikariri maneno na vinyume vyake na kulinganisha jozi za maneno, nisijue kwamba aina zote mbili za maswali zilikwisha kuondolewa. Niligawanya tarakimu ndefu kwa mkono, ilhali kikokotoo kimo kwenye skrini. Lililonigharimu zaidi ni onyo la kitabu kwamba swali ukishalipita huwezi kulirudia. Hilo lilikuwa kweli kwa mtihani wa kompyuta wa wakati ule, ambao jibu lako ndilo lililoamua swali linalofuata. Leo unaweza kuliwekea swali alama, ukaliruka, na kulirudia kabla ya muda wa sehemu hiyo kwisha. Nilipoteza karibu dakika sita kwenye swali moja la hisabati kwa kuogopa kuliacha, na maswali manne ya mwisho sikuyasoma kabisa. Nikikumbuka, moyo bado unaniuma, kwa kuwa maelekezo yalikuwa mbele ya macho yangu nami niliyapita nikidhani nayajua.

Nilipojiandaa mara ya pili sikukitupa kitabu kile. Aljebra, jiometri na asilimia hazikuwa zimebadilika, na vifungu vya ufahamu vilikuwa vigumu vilevile. Msamiati niliusoma upya ndani ya sentensi, kwa sababu sasa maswali yanakutaka ujaze pengo. Kisha nilifanya majaribio mawili ambayo ETS huyatoa bure kwenye kompyuta, nikiuheshimu muda. Idara niliyoitamani ilinipokea, nami najivunia hilo waziwazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ulizia kwanza mwaka wa kitabu, na usikubali kuambiwa na yeyote kwamba mtihani ni uleule. Cha mwaka 2014 kina bahati: aina za maswali yake ndizo zinazotumika, na alama za hisabati na lugha bado ni kati ya 130 na 170. Kilichopitwa ni muda. Tangu Septemba 2023 mtihani, uliokuwa unakaribia saa nne, huchukua saa 1 na dakika 58. Insha ya kuchambua hoja imefutwa, ikabaki moja ya dakika 30, kwa hiyo sura hiyo iruke. Majaribio ya kitabu chako yana maswali 20 ya hisabati kwa dakika 35. Yagawe upya kama sehemu mbili za mtihani wa sasa, 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Ya lugha yawe 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Jaribio moja la ETS lifanye mapema ili ujue ulipo, na la pili usilifungue hadi juma la mwisho.