Maswali ya Wasomaji: Gari la umeme, plagi inaungua

SWALI: Nimeagiza Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, betri ya yuniti 40. Nimepanga chumba Isamilo, Mwanza, kwa hiyo nachajia kwenye gereji ya jirani kwa ekstensheni. Plagi inapata moto, na nyumbani kwa ndugu yangu gari linakataa kabisa kuchaji. Tatizo ni nini?

JIBU: Acha ekstensheni leo. Ampia 10 mfululizo kwa saa nyingi ni mzigo mkubwa kwa waya mwembamba, na ikiwa imeviringishwa joto halina pa kutokea. Mwombe mwenye gereji laini ya peke yake kutoka meinswichi: waya wa milimita 4 za mraba, soketi nzito, kikata umeme cha miliampia 30 (kinachozima umeme unapovuja), na mita ndogo ili umlipe yuniti zako bila ubishi.

Kwa ndugu yako, pima ethi kwanza. Kebo ya kuchajia gari hukagua ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kabla ya kuruhusu umeme, na kwenye vilima vya mawe vya Mwanza fimbo ya ethi mara nyingi hugonga mwamba bila kufika udongo wenye unyevu. Ihamishieni bondeni, au ongezeni fimbo.

Soma pia lebo ya kebo. Ikiandikwa volti 100 pekee, usiichomeke kamwe kwenye 230.

Kuchaji betri kutoka asilimia 20 hadi 80 kwa ampia hizo 10, tarajia muda wa saa 11 hadi 12, yuniti kama 27. Tundu la chaji ya haraka la gari hilo ni CHAdeMO. Uliza aina hiyo kabla ya kufuata kituo chochote.