Jibu: Je, watu watano wanatosha kujaribu programu?

Ndugu, umeuliza kama kukaa na watu watano na kuwatazama wakitumia programu yenu kunatosha kabla ya kuizindua. Kunatosha kwa jambo moja: kuona wanapokwama. Hesabu hiyo ya watano ilitokana na kazi ya mwaka 1993 ya Jakob Nielsen na Tom Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia programu. Katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja alifichua wastani wa asilimia 31 ya kasoro, na watano wakafikisha kama 85. Ni wastani tu. Kama wateja wenu ni wakulima na pia makarani, jaribuni kila kundi peke yake. Na tafadhali, msiwaelekeze! Mtu akibonyeza "Rudi" mara tatu akitafuta salio, nyamaza uandike.

Lakini jaribio la namna hiyo halikuambii kama watu wanaihitaji bidhaa. Tazama M-Pesa. Majaribio yaliyoanza 2005 nchini Kenya yalilenga wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo kwa simu. Walipoachiwa waitumie katika maisha yao ya kawaida, wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ikanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Ungemkalisha mtu ofisini, ukamwambia "lipa mkopo" na kumpimia dakika, hilo usingeliona kamwe.

Anzeni na hao watano, rekebisheni, mjaribu tena na wengine. Kisha wapeni watu wachache programu waende nayo mwezi mzima, na mkawatembelee huko huko wanakofanyia kazi.